Gunia Moja, Nyumba Kumi

Tuanze na swali dogo. Je, unajua kilo moja ya sukari inakugharimu shilingi ngapi? Usijibu upesi. Wengi wetu tunajua bei ya robo, kwa sababu robo ndiyo tunayoinunua. Tunajua bei ya kipande cha sabuni, lakini ya mche mzima hatuijui. Tunajua bei ya kikombe kidogo cha mafuta ya kupikia, lakini lita nzima hatujawahi kuishika mkononi. Asubuhi mtoto anatumwa dukani, jioni anatumwa tena, na mwezi ukiisha tunajiuliza fedha zimekwenda wapi.

Sisi tunaokuandikia ni akina mama kumi wa kijiji kimoja wilayani Karagwe, kando ya barabara itokayo Omurushaka kwenda Nkwenda. Tunasali pamoja, tunalima karibu karibu, na msiba ukimfika mmoja wetu tunaufikia wote. Jambo tunalotaka kukusimulia si kubwa. Ni habari ya gunia la sukari, dumu la mafuta na katoni ya sabuni. Lakini ndani ya habari hiyo kuna kahawa ya mwenzetu iliyouzwa ikiwa bado maua mtini, na ndiyo sababu tuliona tusinyamaze.

Deni la vitu vidogo

Mwenzetu huyo ana watoto watano na shamba la mibuni lililochanganywa na migomba, kama mashamba mengi ya kwetu Karagwe na Kyerwa. Chakula hakimsumbui sana. Ndizi zipo, maharage yapo. Kinachomsumbua, kama kinavyotusumbua sisi sote, ni vile visivyoota shambani: sukari, chumvi, mafuta, sabuni, madaftari. Kahawa huanza kuchumwa mwezi wa Mei au Juni. Kabla ya hapo kuna miezi mirefu ambayo mfuko wa baba na wa mama yote miwili ni mikavu. Miezi hiyo watu huchukua vitu kwa daftari la mwenye duka, leo robo, kesho kipande.

Mwaka ule deni lake lilifika Sh. 90,000. Hakuna siku aliyonunua kitu kikubwa, wala kitambaa wala viatu. Ni robo na vipande tu. Mwenye duka naye alikuwa anadaiwa, akaomba alipwe. Mume wake alipokosa pa kuzipata fedha hizo, alikwenda kwa mtu mwenye fedha taslimu, akamwuzia kahawa ya msimu mzima ingali maua. Huku kwetu jambo hilo tunaliita butura, na kila mtu wa Kagera anajua uchungu wake. Mnunuzi hupanga bei ndogo anayoitaka, na siku ya mavuno familia huchuma, huanika na kubeba kahawa ambayo si yake tena. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, lakini mwenye shida hufunga macho.

Mwenzetu alilia mbele yetu. Akasema neno ambalo hatujalisahau: “Nimeuza shamba la mume wangu kwa robo robo za sukari.”

Hapo ndipo tulipokubaliana kufanya jambo moja tu kwa mwezi mmoja. Kila nyumba iandike kila kinachonunuliwa dukani, hata kiberiti. Asiyejua kuandika aandikiwe na mtoto wa shule.

Anayenunua kidogo hulipa zaidi

Mwisho wa mwezi tuliketi na madaftari yetu, na mambo yakawa wazi. Robo ya sukari tuliinunua kwa Sh. 850. Robo nne ni Sh. 3,400. Kumbe kwenye duka la jumla mjini Kayanga gunia la kilo 50 lilikuwa Sh. 140,000, yaani Sh. 2,800 kwa kilo. Mche wa sabuni uliokatwa vipande vinane vya Sh. 500 ulitugharimu Sh. 4,000, katoni ya miche 20 ilikuwa Sh. 60,000, yaani Sh. 3,000 kwa mche. Kikombe kidogo cha mafuta, ambacho kumi zake ni lita moja, kilikuwa Sh. 700, dumu la lita 20 lilikuwa Sh. 100,000, yaani Sh. 5,000 kwa lita badala ya Sh. 7,000.

Bei hizi ni za siku zile, nasi tumezizungusha ili hesabu iwe nyepesi. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo wewe weka za kwako. Ila utaratibu wake haubadiliki: kadiri unavyonunua kidogo ndivyo unavyolipa zaidi kwa kila kilo.

Tusikimbilie kusema kwamba mwenye kiduka ni mwizi. Yeye huamka kufuata mzigo, hulipa nauli, hufungua gunia, hupima robo mia mbili, hubaki na vumbi la mwisho, na kisha husubiri madeni yetu. Kazi hiyo ina ujira. Tatizo ni kwamba sisi tusio na fedha nyingi ndio tunaoulipa ujira huo kila siku, na mwenye fedha za gunia halipi. Hivyo mtu anapunjwa na uchache wa fedha yake mwenyewe. Na dawa ya uchache ni moja tu, kuunganisha.

Si jambo geni

Tulipoanza, baba mmoja alitucheka akisema tunaleta mambo ya kigeni. Kusema kweli jambo hili ni la zamani. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, watu 28, wakiwamo wafumaji wa nguo wenye mishahara midogo, walichanga pauni moja moja wakafungua duka lao. Siku ya kwanza, tarehe 21 Desemba, walikuwa na bidhaa chache mno: siagi, sukari, unga na mishumaa. Lakini waliweka masharti: kipimo kiwe kamili, bidhaa isichanganywe na uchafu, na kila mtu alipe taslimu. Faida waligawana kwa kadiri mtu alivyonunua. Vyama vya ushirika duniani, hata chama kikuu chetu cha KDCU kinachokusanya kahawa ya Karagwe na Kyerwa, vinamtazama babu huyo mmoja.

Huko Marekani nako, mwaka 1976, mfanyabiashara Sol Price alifungua ghala la bidhaa katika mji wa San Diego, ndani ya jengo lililokuwa la kutunzia ndege. Hakuingia mtu asiye mwanachama, na mwanachama alilipa ada ya mwaka. Bidhaa zilipangwa kwa katoni na magunia, bila mapambo, na bei ikawa chini. Kampuni ya Costco iliyofungua ghala lake la kwanza Seattle mwaka 1983 ilifuata njia hiyohiyo, na mwaka 1993 kampuni hizo mbili ziliungana. Leo familia nyingi huko zina kadi ya ghala la namna hiyo.

Lakini hata huko mtego uko. Anayelipa ada kisha akanunua kidogo hupata hasara. Na anayenunua kingi kuliko anachokula hutupa. Kadi peke yake haileti akiba.

Nchini kwetu pia tuna la kujifunza. Wazee wetu wanaukumbuka mwaka 1976, wakati wa Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yalipofungwa vijijini ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ujamaa. Mpango huo ulisimamishwa mwaka huohuo, kwa sababu watu walibaki hawana pa kununua hata chumvi. Nia ilikuwa njema, lakini duka lililoletwa kwa amri halikuwa na watu wa kulilinda. Sisi tuliamua kwamba kikundi chetu kisimlazimishe mtu, wala kisifunge duka la mtu.

Gunia la kwanza

Tulifanya hivi. Kila nyumba ilikadiria mahitaji yake ya mwezi: kilo tano za sukari, lita mbili za mafuta, miche miwili ya sabuni. Nyumba kumi zikatimiza gunia moja, dumu moja na katoni moja. Jumla yake Sh. 300,000, yaani Sh. 30,000 kwa kila nyumba. Nauli ya wawili kwenda Kayanga na kurudi, pamoja na gharama ya mzigo, tuliipangia Sh. 20,000, ikawa Sh. 2,000 kwa kila mmoja. Hivyo kila mama alitakiwa Sh. 32,000.

Nani kati yetu ana Sh. 32,000 kwa mkupuo? Hakuna. Lakini kila Jumapili tulikutana tukaweka Sh. 8,000, na juma la nne fedha zikatimia. Chanzo chake kilikuwa mkungu wa ndizi hapa, mayai pale, vibarua vya palizi kwingine. Mwenzetu mmoja mjane hakuweza kiasi hicho, kwa hiyo alichukua nusu fungu, na nusu iliyobaki ikachukuliwa na nyumba yenye watu wengi.

Linganisha sasa. Vitu hivyohivyo kwa robo na vipande vingetugharimu Sh. 17,000 za sukari, Sh. 14,000 za mafuta na Sh. 8,000 za sabuni, jumla Sh. 39,000. Sisi tulilipa Sh. 32,000. Tuliokoa Sh. 7,000 kila nyumba. Kwa mwaka ni Sh. 84,000. Mwenzetu yule wa butura aliposikia hesabu hiyo aliinamisha kichwa. Deni lililochukua kahawa yake lilikuwa Sh. 90,000.

Ugomvi wa kilo moja

Msidhani mambo yalinyooka. Siku ya kugawa gunia la kwanza tulipima kwa kisado, kwa macho, tukiongeza kidogo kwa huyu na kidogo kwa yule. Tulipofika kwa mama wa kumi, sukari ilikuwa imebaki kama kilo nne hivi. Alinyamaza, akaichukua, akaondoka. Kesho yake maneno yakaanza kisimani. Wa kwanza wanapendelewa. Wanaokwenda Kayanga wanachota njiani. Mbona mfuko wa fulani ulitunisha? Kikundi kilikuwa karibu kufa kwa ajili ya kilo moja ya sukari.

Tulikutana tukaombana radhi, na tukaweka taratibu ambazo hatujazivunja. Kwanza, gunia hupimwa palepale dukani kabla ya kulipa, mbele ya wajumbe wawili. Mwenye duka mwaminifu hakatai, na mizani yake huwa na alama ya Wakala wa Vipimo. Pili, kugawa ni kwa mizani, si kwa kisado wala kwa macho. Tatu, anayepima huchukua fungu lake mwisho kabisa. Utaratibu huu wa tatu umetufaa kuliko yote, kwa maana mkono wa anayejua kwamba atachukua la mwisho hupima sawasawa. Nne, kikipungua, upungufu ni wetu sote. Hugawanywa kwa gramu mpaka uishe. Biblia katika Mithali sura ya 11 inasema wazi juu ya mizani ya hila. Tulikuwa tukidhani maneno hayo ni ya wafanyabiashara. Kumbe ni yetu pia.

Sukari iliyoisha tarehe 19

Tatizo la pili halikutoka kwa jirani. Lilitoka jikoni kwetu. Mwezi wa pili, nyumba sita kati ya kumi sukari iliisha kabla ya siku ya 20. Tulipoulizana tukaanza kucheka kwa aibu. Sukari ilipokuwa robo, kila mtu nyumbani alijua ni kidogo, akaweka kijiko kimoja. Ilipokuwa mfuko wa kilo tano, chai ilikolea, uji ukapata sukari, wageni wakakaribishwa kwa vikombe viwili, na watoto wakajua njia ya kabatini. Mafuta nayo yalimiminwa kama maji.

Nyumba iliyomaliza mapema ilirudi kwa kiduka na kununua kilo moja zaidi kwa robo robo, Sh. 3,400. Karibu nusu ya akiba ya mwezi ikaliwa hapo. Aliyenunua kilo mbili zaidi alibaki na Sh. 200 tu, na taabu yote ya kikundi ikawa bure. Kununua kwa jumla bila kutumia kwa kipimo ni kujidanganya.

Tangu hapo, siku tuliyogawiwa ndiyo siku ya kufungasha. Mama anaigawa sukari yake katika mifuko minne ya majuma manne. Mitatu anaifungia sandukuni, mmoja unabaki jikoni. Juma likiisha, mfuko unaofuata unatoka. Ukiisha siku ya tano, siku mbili tunakunywa chai kavu, na hakuna aliyekufa. Mafuta tunayatia katika chupa ndogo ya jikoni, dumu linakaa gizani, maana mwanga na joto huyaharibu. Sabuni tunaikata vipande mapema na kuiacha ikauke, kwani sabuni kavu haiishi upesi kama mbichi.

Akiba isiyo na jina huliwa

Tulipovuka hapo likaja la tatu, nalo ni la siri zaidi. Miezi mitatu ilipita, kila nyumba ikiokoa Sh. 7,000, lakini hakuna aliyeweza kuonyesha shilingi hizo. Tulitazamana. Fedha ambayo hukuitumia haijawa akiba bado. Inatembea tu ndani ya nyumba ikitafuta pa kutokea, na hutokea: soda sokoni, mchango wa sherehe, vocha ya simu.

Basi tukaweka kisanduku chenye kufuli tatu. Siku ya kugawa mzigo, kila mama huweka Sh. 7,000 mezani kabla ya kuondoka na sukari yake, kana kwamba amenunua kwa bei ya robo. Fedha hizo zina jina. Wengine wameziita Januari, kwa sababu ya sare na madaftari ya watoto. Mjane wetu ameziita bati. Mwenzetu wa butura aliziita Machi, mwezi ule ambao mfuko ulikuwa ukikauka na daftari la deni likaanza kunenepa.

Kwa kuwa sasa tunaweka fedha kwa pamoja, tulikwenda kumwona afisa maendeleo ya jamii wa kata. Vikundi vya kuweka na kukopa, kama VICOBA, vinapaswa kuandikishwa kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na wanachama wake huwa kuanzia 10 hadi 50. Tunakushauri nawe usipuuze hatua hiyo. Kikundi kilichoandikishwa kina katiba, na katiba huokoa urafiki.

Na waume zetu? Mwanzoni wengine walinung’unika. Mmoja alimwuliza mkewe, “Mama, mmeanza biashara gani ya siri?” Dawa ilikuwa kuwaonyesha daftari. Mama mmoja alimsomea mumewe mambo ya mwezi mzima, pamoja na sigara zake. Baba yule alikaa kimya, kisha akasema, “Basi na zangu ziandikwe.” Si kila baba alikuwa hivyo. Lakini tumeona kwamba jambo lililofichwa huzaa mashaka, na lililo wazi hupata msaada. Sasa baba mmoja ndiye anayetusindikiza na pikipiki siku ya mzigo, kwa bei ya mafuta tu.

Jirani yetu mwenye kiduka

Hili lilitusumbua dhamiri. Mwenye kiduka ni mama mwenzetu. Siku mtoto anapougua usiku, ndiye anayefungua mlango na kutoa kitu kwa mkopo. Je, tumemnyima riziki?

Tulikubaliana hivi: mtu asiingie katika gunia kabla ya kumaliza deni lake kwa kiduka, au kupatana naye jinsi ya kulipa. Ilichelewesha baadhi yetu miezi miwili, lakini tuliingia na mioyo mieupe. Tena hatukumkimbia. Kiberiti, chumvi, majani ya chai, sindano, mkate wa mgonjwa, hivyo tunanunua kwake, kwa fedha taslimu. Siku moja alitwambia mwenyewe kwamba tangu tuanze, anauza kidogo lakini anadaiwa kidogo pia, maana fedha zake hazilali katika madaftari yetu. Mwaka jana aliomba tukienda Kayanga tumletee naye gunia lake katika mzigo mmoja, akachangia nauli. Gharama ya safari ikashuka kwetu sote.

Kipi cha jumla, kipi cha kuacha

Usinunue kwa jumla kila kitu kwa sababu tu ni rahisi. Vinavyofaa ni vile visivyooza na ambavyo nyumba huvitumia kila siku: sukari, chumvi, sabuni, viberiti, madaftari ya shule. Madaftari yanunuliwe mapema, Novemba, si juma la kufungua shule ambapo kila mzazi yuko dukani.

Maharage ni ya kununua au kuweka wakati wa mavuno, Juni na Julai, au Desemba na Januari, bei inapokuwa chini. Yakaushwe vizuri, kisha yafungwe katika mifuko ya tabaka tatu inayozuia hewa, ambayo wengi wanaiita kinga njaa. Bungo hawezi kuishi humo bila hewa, na hakuna haja ya kutia dawa. Mahindi nayo yakauke kabisa kabla ya kuwekwa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na kuvu hiyo hupenda nafaka yenye unyevu.

Unga wa mahindi usizidi wa mwezi mmoja. Dagaa wasinunuliwe wengi wakati wa mvua, watashika ukungu. Nyanya na vitunguu nunua vya juma. Nguo za mtoto usinunue za miaka miwili mbele, maana mtoto hukua anavyopenda yeye.

Ukiwa dukani, tazama tarehe ya mwisho wa matumizi, alama ya TBS na kizibo cha dumu kama hakijafunguliwa. Dai risiti, kwani bila risiti huwezi kurudisha kitu kibovu. Ndugu zetu wa Kyerwa walio karibu na Murongo, ambao ng’ambo ya Mto Kagera wanaiona Kikagati ya Uganda, wanajua jinsi bidhaa za magendo zinavyovutia kwa bei. Lakini mzigo ukikamatwa, zimepotea fedha za nyumba kumi kwa siku moja. Hatuthubutu.

Tena usijaze ghala kwa hofu. Mwanzoni mwa mwaka 2024, mvua kubwa zilipozuia viwanda kuvuna miwa, sukari iliadimika nchini na Serikali ikatangaza bei elekezi. Wengine walitaka tununue magunia matatu. Tulikataa. Kufungia kitu cha watu ndani wakati jirani hana si akiba tena. Miezi ile tulinunua nusu gunia, tukajifunza chai ya tangawizi isiyo na sukari.

Anza na watu unaowaamini

Kama nawe unataka kuanza, usisubiri watu kumi. Wanne wanatosha. Gawaneni katoni moja ya sabuni, mwone kama mnaweza kuaminiana, ndipo mwende kwenye gunia. Andikeni mwezi mzima kabla ya kununua chochote. Wapeni fedha wajumbe wawili, kamwe si mmoja, na zamu ibadilike kila mwezi. Msimkopeshe mtu mzigo. Asiyetimiza fedha apate kadiri alivyoweka. Na siku ya kugawa, mtoe akiba kwanza, sukari baadaye.

Mwanamke yule wa Mithali 31 anasifiwa kwa kufuata chakula mbali. Tulipokuwa wasichana tulidhani alikuwa tajiri ndiyo maana aliweza. Sasa tunadhani huenda alikuwa na majirani.

Mwenzetu wa butura? Mwaka uliofuata, ulipofika mwezi wa Machi, alifungua fungu lake la kisanduku. Halikuwa kubwa, lakini lilimvusha Machi, Aprili na Mei bila daftari la deni. Mtu yule mwenye fedha taslimu alipita tena shambani mibuni ikiwa na maua, akasalimia, akaonyesha noti. Mume wake alimjibu kwamba mwaka huu hawana haraka. Julai walianika kahawa yao uani, wakaipeleka ya maganda katika chama cha msingi kama watu wengine, wakapewa risiti yenye jina lao.

Jumapili ile alikuja kikundini na Sh. 8,000 zake mkononi, akakaa mahali pake. Zamu ya kupima ilikuwa yake. Alipima mafungu tisa, na la kumi akalichukua mwenyewe. Lilitimia.